Chale za Ubao na Ukuta Uliopinda

Ubao mwembamba unaopigiliwa chini ya ukuta, pale unapokutana na sakafu, mafundi wetu huuita skatingi. Jina limekuja pamoja na kitu chenyewe. Katika nyumba za kale za mawe za mwambao, Lamu na Unguja, kuta zilipakwa chokaa na sakafu ilikuwa ya chokaa juu ya boriti. Chokaa ilikutana na chokaa, ubao haukuhitajiwa. (Neno sakafu lenyewe, huko Uarabuni lilikotoka, lina maana ya dari au paa. Kwetu limeshuka likakaa chini ya miguu.)

Uingereza mambo yalikuwa mengine. Sakafu zilikuwa za mbao na kuta za lipu, na katika karne ya 18 ubao huo ulizoeleka, kwani uliziba nafasi iliyobaki chini ya lipu na kuikinga na viatu, fagio na miguu ya viti. Taabu ilianza wasanifu walipopendelea vyumba vya duaradufu, mfano wa Chumba cha Buluu katika Ikulu ya Marekani, jengo la James Hoban lililoanza kujengwa mwaka 1792. Ukuta umepinda, ubao umenyooka. Ni upi umfuate mwenziwe?

Njia moja ni mvuke: ubao hufukizwa ndani ya sanduku, kadiri ya saa moja kwa kila milimita 25 za unene, nao hupindwa ungali moto. Michael Thonet alipewa hataza ya kazi hiyo huko Vienna mwaka 1856, akaitumia kwa viti. Njia ya pili haitaki moto. Mgongo wa ubao hukatwa kwa msumeno mara nyingi, sambamba, hata ubaki uso wa milimita 2 au 3 tu. Nafasi baina ya mikato haikisiwi. Fundi hukata mara moja katika kipande cha majaribio, hupima kutoka hapo urefu ulio sawa na nusu kipenyo cha pindo, kisha huinua ubao mpaka mkato ufumbe. Kimo ulichoinuka mahali pale alipopima ndiyo nafasi inayotakiwa.

Mikato hiyo tuiiteje? Neno mkato limekwisha shikwa na wanasarufi, na chanjo na waganga. Mimi naona chale yafaa zaidi: hupigwa mgongoni, wala haipiti upande wa pili.

Lakini kosa kubwa la wafasiri liko katika maneno “ukuta uliopinda”. Umepinda wapi? Wanafunzi wa Fizikia wanazo lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo. Seremala naye anastahili tofauti hiyo. Kwenye ukuta mbinuko chale hufumba, na kipimo nilichoeleza ni sahihi. Kwenye ukuta mbonyeo chale zile zile hupanuka, na fundi aliyefuata kipimo hicho katika kitabu kilichotafsiriwa kwa neno moja tu amekwisha haribu ubao wake.