KAPI LINALOSHIKA KAMBA (Mfululizo wa Vifaa Vinavyookoa, Sehemu ya 4)

Mama, umeshawahi kuvuta maji kisimani mtoto akiwa mgongoni? Basi unajua. Ukivuta, ndoo inapanda. Ukilegeza mkono kidogo tu umweke mtoto sawa, ndoo hiyoo inarudi chini, na jasho lako limekwenda bure.

Mtauliza, nesi na makapi wapi na wapi? Subirini, tutafika.

Kapi ni lile gurudumu lenye mfereji wa kupitishia kamba. Mabaharia wa majahazi yetu wanalijua tangu zamani, ndilo linalopandisha tanga. Unavuta kwenda chini, mzigo unakwenda juu. Lakini kapi la kawaida halishiki. Ukiachia, kila kitu kinarudi. Kwa hiyo kazi ilibaki nusu.

Mwaka 1931 Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, alionyesha fundo ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Unazungusha kikamba chembamba kwenye kamba nene. Ukikitia uzito, kinabana. Ukiuondoa uzito, unakisogeza juu kwa mkono. Ukiwa na vikamba viwili, unaning'inia kwenye kimoja huku unasogeza kingine, hivyo hivyo mpaka juu.

Mwaka 1958, Waswisi wawili, Jüsi na Marti, wakaleta kishikio cha chuma kinachofanya kazi ya fundo lile. Jüsi alikuwa akichunguza tai kwenye majabali, alihitaji kupanda kamba kila siku. Wakaunganisha herufi za majina yao, kikaitwa Jumar.

Mwaka 1968 huko Ufaransa, Fernand Petzl, mpenzi wa kuingia mapangoni, alianza na Bruno Dressler kutengeneza vifaa vya kamba. Baadaye kampuni yenye jina la Petzl ikaweka kapi na kishikio ndani ya kifaa kimoja. Kimojawapo, Micro Traxion, kina gramu 85 tu. Ni chepesi kuliko simu uliyoshika sasa hivi! Ndani yake kuna gurudumu, na pembeni kibano chenye meno. Ukivuta, kamba inapita. Ukipumzika, meno yanauma kamba na mzigo unabaki palepale ulipoufikisha.

Ukiongeza kapi la pili na kuipitisha kamba mara tatu, kwa hesabu ya darasani mtu wa kilo 60 anavutwa kwa nguvu ya kilo 20. Msuguano unaongeza kidogo. Na hakuna cha bure: kumpandisha mita 1 lazima uvute kamba mita 3.

Sasa tumefika kwangu mimi nesi. Mtu akining'inia kwenye mkanda wa usalama bila kusogea, damu inatuama miguuni. Anaweza kuzirai ndani ya dakika chache, na akiachwa hivyo anaweza kufa. Hapo mwokoaji mmoja mwenye kapi hili anaweza kumvuta, akapumzika, akavuta tena, bila mgonjwa kurudi chini. Akishaokolewa, mlaze chali, angalia kama anapumua, mkimbize hospitali.

Lakini jamani, kifaa hiki hakikutengenezwa kudaka mtu anayeanguka. Yale meno yanaweza kuchana ganda la kamba. Na anayekitumia kupandia asitegemee hicho peke yake, awe na kinga ya pili. Haya ni mambo ya kufundishwa na mtaalamu, usijaribu kwenye mwembe wa nyumbani.

Kama baba watoto anapaka rangi maghorofa au anapanda minara ya simu, muulize leo jioni: "Ukizirai huko juu, nani atakutoa, na kwa kifaa gani?" Akikosa jibu, kesho akamuulize bosi wake kabla hajapanda.

Na kisima cha nyumbani kifunikwe. Mtu akitumbukia, usishuke kumfuata, hata kama ni mwanao. Najua ni neno gumu. Shimoni hewa inaweza kuwa mbaya, tukapoteza wawili. Mteremshie kamba, mwite jina aendelee kukujibu, na kwa Tanzania piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Ihifadhi namba hiyo sasa hivi, kabla hujaendelea kupitia simu. Kisha mtumie mwenzako mwenye kisima uani.

Tukutane Sehemu ya 5.
Nesi wenu.