Nani anahesabu radi za Ziwa Victoria usiku?

Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wa Mwanza huwasha taa ziwani ili kuvuta samaki. Shida ni kwamba usiku huohuo ndio wakati wa dhoruba za ziwa hili. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, pepo za pande zote zikakutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu ikapanda juu, na radi zikaanza. Wavuvi wanalijua hilo siku nyingi. Lakini utahesabuje radi mahali pasipo na kituo hata kimoja?

Jibu lilianzia mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Marekani walifunga vipima mwanga kwenye ndege za U-2 zinazoruka kama kilomita 20 juu, wakapita juu ya mawingu ya dhoruba. Walitaka kujua: mwanga wa radi unapenya wingu hadi juu? Kumbe unapenya, na una alama yake: rangi ya oksijeni iliyopata joto kali, nanomita 777.4.

Basi wakaunda kamera ya pekee. Kichujio chake hupitisha rangi hiyo tu. Kihisi chake, yaani kile kipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme, kina vidoa 128 kwa 128 na hupiga picha kila milisekunde 2. Kila picha hutolewa mwanga wa kawaida wa wingu, kinachobaki ni radi, hata saa sita mchana.

Novemba 1997 kamera hiyo, LIS, ilirushwa na setilaiti ya TRMM. Miaka ya kuhesabu ikaonyesha saa na mahali radi za tropiki zinapokolea. Ila ilipita juu ya sehemu moja kwa sekunde 90 hivi tu. Iliweza kueleza tabia ya ziwa, si kuonya kuhusu usiku wa leo.

Desemba 2022 Ulaya ilirusha setilaiti ya MTG-I1. Hii haiachi kuitazama Afrika, na kamera zake hupiga picha 1,000 kwa sekunde. Mwanza nayo ina rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kazi iliyobaki ni ya ardhini: onyo limfikie mvuvi kabla hajasukuma mtumbwi majini.