Upimaji wa violesura kwa watumiaji

Upimaji wa violesura kwa watumiaji ni njia ya kuchunguza kama programu, tovuti au mfumo wa simu unaweza kutumiwa bila shida na watu waliokusudiwa. Washiriki hupewa mfano wa awali wa kiolesura na kuombwa kufanya kazi fulani, huku watafiti wakiangalia wanapokwama, wanapokosea na muda wanaotumia. Kinachopimwa ni kiolesura, wala si akili ya mshiriki.

Nchini Tanzania njia hii imetumika katika huduma za afya. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanzia mji wa Ifakara katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, imeshiriki katika majaribio kadhaa ya aina hiyo.

Aina za mifano ya awali

Mfano wa kwanza mara nyingi ni michoro ya skrini kwenye karatasi. Mshiriki hugusa "kitufe" kwa kidole, na mtafiti humwekea karatasi inayofuata. Baadaye hutengenezwa skrini zinazobonyezwa kwenye simu au kompyuta, ingawa nyuma yake bado hakuna programu kamili. Faida ya kuanza hivi ni gharama ndogo: mchoro hurekebishwa kwa dakika chache, lakini programu iliyokwisha kusambazwa katika zahanati nyingi ni vigumu kuibadilisha.

Utaratibu

Kwanza huchaguliwa washiriki wanaofanana na watumiaji wenyewe. Kama programu ni ya wauguzi wa zahanati za vijijini, wanafunzi wa kompyuta wa mjini hawawezi kushika nafasi yao. Kisha kila mshiriki hupewa kazi iliyo wazi, kwa mfano: "Andika idadi ya dawa zilizobaki." Huombwa aseme kwa sauti anachofikiri anapoendelea. Mtafiti hunyamaza na kuandika. Akianza kuelekeza, hataona tena tatizo lilipo.

Maneno ya mshiriki peke yake hayatoshi. Watu wengi husema "ni nzuri" kwa heshima ya mgeni aliyeileta programu. Kwa hiyo matendo hupewa uzito kuliko sifa. Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11 hutaja mambo matatu ya kuangalia: kama mtumiaji anafikia lengo lake, juhudi na muda unaohitajika, na kuridhika kwake.

Mtaalamu Jakob Nielsen alipendekeza kupima na watu watano tu kwa kila awamu, kurekebisha, kisha kupima tena. Pendekezo hilo linafaa pale watumiaji wanapofanana. Watumiaji wakiwa wa makundi tofauti, kama vile tabibu na mtunza stoo, kila kundi hupimwa peke yake.

Mifano nchini Tanzania

e-IMCI ilikuwa programu ya kompyuta ya mkononi iliyomwongoza tabibu, swali kwa swali, katika kumhudumia mtoto mgonjwa kwa kufuata mwongozo wa WHO na UNICEF. Ilijaribiwa mkoani Mtwara, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Watafiti hawakuuliza tu kama matabibu waliipenda, bali walilinganisha programu na utaratibu wa kawaida wa kazi. Ilionekana kwamba kasi yake ilikaribia ile ya kawaida na kwamba inaweza kuwasaidia matabibu kufuata mwongozo kwa ukamilifu zaidi. Suala la kasi lilikuwa na uzito, kwa kuwa tabibu mwenye foleni ndefu huiacha programu inayomchelewesha, hata kama ni sahihi.

SMS for Life ilijaribiwa kwa majuma 21 katika miaka ya 2009 na 2010 kwenye vituo 129 vya wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Wilaya ya Ulanga iko ng'ambo ya mto Kilombero kutoka Ifakara, na wakati huo mto ulivukwa kwa kivuko. Kila Alhamisi wahudumu walipokea ujumbe wa kuuliza akiba ya dawa za malaria. Walijibu bila malipo kwa simu zao wenyewe, na waliojibu kwa wakati walipewa salio. Kwa wastani 95% ya vituo vilijibu. Katika Ulanga vituo vilivyokosa walau aina moja ya dawa hizo vilipungua kutoka 87% hadi 30%.

ePOCT+, programu ya tableti ya kuwasaidia wahudumu kutibu watoto, ilijaribiwa miaka ya 2021 na 2022 katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Katika vituo vilivyoitumia, antibiotiki ziliandikwa kwa takriban 23% ya watoto, ikilinganishwa na 70% katika vituo vingine.

Mipaka

Kipimo cha kiolesura huonyesha kama mtu anaweza kutumia mfumo. Hakionyeshi kama ataendelea kuutumia baada ya watafiti kuondoka, wala kama matokeo yatabadilika. Maswali hayo huhitaji majaribio ya muda mrefu kazini, kama yale ya SMS for Life na ePOCT+.

Aidha, kiolesura kizuri hakiondoi upungufu ulio nje yake. Katika Ulanga ujumbe wa simu uliwajulisha viongozi wa wilaya ni kituo gani kimeishiwa, lakini dawa yenyewe ilipaswa bado kupatikana na kusafirishwa. Baada ya majuma 21, karibu kituo kimoja kati ya vitatu kilikuwa bado hakina aina fulani ya dawa.