Benga, santuri na faili lako: historia fupi ya mastaringi

Vijana ninaowafahamu hapa Kendu Bay hurekodi nyumbani kwa kompyuta na maikrofoni moja. Wimbo ukikamilika huniuliza: mbona haulii kama ule wa redioni?

Kinachokosekana ni mastaringi, yaani kuusawazisha wimbo uliokwisha ili ulie vizuri kwenye chombo cha msikilizaji.

Zamani chombo hicho kilikuwa na sindano. Benga ilipovuma Nyanza miaka ya 1960 na 1970, ilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Besi nzito huchonga mfereji mpana: nafasi huisha haraka na sindano yaweza kuruka. Kwa hiyo fundi alipunguza besi na kupandisha sauti nyembamba wakati wa kuchonga, kwa kipimo cha RIAA cha mwaka 1954 kutoka Marekani. Mashine ya kuchezea iligeuza hesabu hiyo. Wimbo mrefu uligawanywa pande mbili. Santuri za namna hiyo alizotoa mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, ambako mtindo wenyewe uliitwa kanindo.

Lakini santuri ilikuwa nakala tu, asili yake ni kanda ya studio. Kanda ikipotea, anayetaka kuutoa wimbo upya hubaki kunakili santuri kuukuu. Programu hupunguza mikwaruzo, ila haiwezi kurudisha kilichoachwa nje wakati wa kuchonga. Kwa sisi waandika programu, ni sawa na kupoteza msimbo ukabaki na faili la .exe.

Programu ya bure ya Audacity ilitoka mwaka 2000, na kazi ya fundi ikaingia nyumbani. Sindano haipo, lakini mpaka upo: 0 dB. Ukisukuma sauti kupita hapo, vilele vya mawimbi hukatwa, na ukihifadhi hivyo havirudi. Tena unasukuma bure, maana Spotify kwa kawaida hushusha nyimbo zenye kelele hadi karibu LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti.

Basi ukirekodi nyatiti yako, sawazisha kwa upole, kisha isikilize kwenye simu na kwenye redio. Na kabla ya kutengeneza MP3, hifadhi WAV ambayo hujaigusa, mahali pawili. Hiyo ndiyo kanda yako. Watu wa benga wangekuwa na nafasi hiyo, leo tusingekuwa tunawinda santuri zilizokwaruzika.