Madoa Makali, Mkojo wa Shida: Mbwa Waliobaniwa Miaka 30 Kisa Babu Yao

Dalmatian unamjua hata kama hujawahi kumfuga. Ni yule mbwa mweupe mwenye madoa meusi, staa wa katuni ya Disney ya mwaka 1961. Kwa muonekano, hana mpinzani. Ila wahenga walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Shida yake iko kwenye mkojo. Mwili wa mbwa wengine huivunja asidi ya yuriki kabla haijatoka. Wa Dalmatian hauwezi. Asidi inajaa, inaganda, inakuwa vijiwe. Dume akizibwa njia hakojoi tena, na asipowahishwa kwa daktari anakufa.

Ilikuwaje? Kwa vizazi na vizazi wafugaji walichagua mbwa wenye madoa yaliyokolea na kujitenga vizuri. Inadhaniwa jeni mbovu ilibebwa humo humo na madoa. Ikafika mahali kila Dalmatian wa damu safi anayo mara mbili, ya baba na ya mama. Ndani ya ukoo jeni nzima haipo tena. Kuipata, lazima utoke nje.

Mwaka 1973, mtaalamu mmoja wa jenetiki Marekani alitoka nje kweli. Alimpandisha Dalmatian jike kwa dume wa aina ya Pointer, mara moja tu. Baada ya hapo watoto wakawa wanarudishwa kwa Dalmatian watupu, kila kizazi wakibakizwa wale wenye mkojo salama. Jeni nzima moja inatosha kumlinda mbwa. Damu ya Pointer ikawa inapungua kwa nusu kila uzao: nusu, robo, thumuni, mpaka ikabaki chembe. Ukiwatazama, ni Dalmatian, madoa yote yapo.

Mwaka 1981, chama kikuu cha usajili wa mbwa Marekani kikawaandikisha wawili. Wapenzi wa Dalmatian wakawaka: hao ni machotara! Mlango ukafungwa. Huku nyuma mbwa "safi" wakaendelea kuchanwa matumbo kutolewa vijiwe.

Mwaka 2008 watafiti wakaitambua jeni yenyewe, SLC2A9. Ubishi ukakosa pa kusimamia, maana sasa kipimo kinaonyesha nani mzima na nani si mzima. Uingereza ikawakubali mwaka 2010, Marekani ikafuata 2011. Jumla, miaka 30 ya kusubiri kisa babu mmoja ambaye hata sura yake haionekani kwa wajukuu.

Kumbe macho yanaona madoa tu, jeni hayazioni. Na karatasi ya "damu safi" inakwambia mbwa katoka kwa nani, haikwambii kama atakojoa vizuri kesho.

Haya wadau, ungekuwa kwenye kamati ile ya 1981, ungepiga kura upande gani? Tupia jibu hapo chini.