Mtumwa, Mtume na Neno Bwana: Tafakuri juu ya Mtakatifu Josephine Bakhita

Mtu akisimama Feri, Dar es Salaam, alfajiri, wakati mashua na ngalawa zimekwisha kuteremsha shehena ya usiku na mnadi ameanza kupaza sauti juu ya mafungu ya vibua na changu, husikia neno moja likipita katika kila kinywa. Mnadi humhimiza mnunuzi, "Ongeza, bwana". Mchukuzi mwenye tenga kichwani huomba njia, "Nipishe, bwana". Mke aliyekuja kununua dagaa hupiga simu nyumbani kumuuliza bwana wake kama atakula pweza. Na pantoni ya Kigamboni ikisha kupiga honi, kengele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897 mwendo mfupi kutoka hapo ukifuata ufuko wa bandari, huwaita watu waende wakamsujudie yeye ambaye naye huitwa Bwana. Neno hili tumelizoea mno hata hatukumbuki tena kwamba katika mwambao huu, kwa muda wa karne nyingi, bwana alikuwa pia ni mtu aliyeweza kumtia mwenzake mnadani, akamtajia bei, akapokea fedha.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu ninakusudia kuzungumza juu ya mwanamke mmoja wa Sudani, Mtakatifu Josephine Bakhita, ambaye maisha yake yote yanaweza kusomwa kuwa ni mashindano na neno hilo. Aghalabu msomaji akiahidiwa habari za mambo ya batini ya mtakatifu wa Kikatoliki hutazamia maajabu: Francis wa Assisi akipokea madonda matano ya Kristo katika mlima wa La Verna mwaka 1224, au Teresa wa Avila, aliyefariki mwaka 1582, akisimulia jinsi malaika alivyomchoma moyo kwa mkuki wenye ncha ya moto. Bakhita hakuacha kitabu cha maono, wala hakusifika kwa kuzimia katika sala. Na kwa hiyo wanaomwandika humpitisha haraka penye batini ili wafike kwenye mateso yake na msamaha wake. Dai la makala hii ni kwamba hilo ni kosa: alikuwa na ujuzi wa batini wenye kina kama cha wenzake hao, nao ulikuwa ni kazi moja ya umri mzima, yaani kulitoa neno bwana katika mikono ya wenye viboko na kulirudisha kwa Mwenyewe.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, katika nyumba iliyokuwa na neema na ndugu wengi. Alipokuwa mtoto wa miaka minane hivi alitekwa na watu wawili wageni karibu na mashamba ya kwao, akaswagwa pamoja na wengine, akauzwa na kuuzwa tena katika masoko ya El Obeid na Khartoum, hata mwaka 1883 alipoangukia mikononi mwa Callisto Legnani, konsuli wa Italia, ambaye hakumpiga. Vita vya Mahdi vilipomlazimisha konsuli huyo kuondoka Sudani, msichana aliomba afuatane naye; wakafika Italia mwaka 1885, na huko akakabidhiwa kwa familia ya Michieli, akawa yaya wa binti yao mdogo, Mimmina. Masimulizi haya tunayapata kwa kinywa chake mwenyewe, lakini kwa kalamu ya wengine: mwaka 1910, kwa agizo la mkuu wake, alimsimulia mtawa mwenzake, naye akayaandika, na mwaka 1931 Ida Zanolini akayatoa katika kitabu. Mwanachuoni hana budi kulikumbuka hilo, kwamba kati yetu na mtoto yule wa Darfur zimesimama lugha kadhaa na mikono kadhaa.

Hata jina si lake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, neno lenye asili moja na bahati yetu, maana yake mwenye bahati njema. Na hofu ilimwingia kwa kiasi ambacho jina alilopewa na wazazi wake lilimtoka moyoni, asilikumbuke tena mpaka kufa. Msomaji wa pwani haoni ugeni wowote katika dhihaka hii. Mwambao wetu ulijaa watumwa walioitwa Mabruki, Faraji, Baraka na Feruzi, majina ya heri juu ya watu walioondolewa katika heri zao. Na yule kiongozi mashuhuri wa misafara, Sidi Mubarak Bombay, aliyewapitisha Wazungu barani katika karne ya 19, alibeba baraka katika jina lake na mji wa ughaibuni katika laqabu yake, ilhali jina la kwao halikusalia katika vitabu. Desturi ya kumpa mtumwa jina la furaha humfurahisha mwenye kuita, anayeitwa hakuulizwa.

Baada ya jina, mwili. Katika nyumba ya jemadari mmoja wa Kituruki, Bakhita aliitwa siku moja pamoja na wasichana wengine ili apambwe kwa chale. Mwanamke aliyeijua kazi hiyo alileta sahani ya unga mweupe, sahani ya chumvi, na wembe. Akachora nakshi kwa unga juu ya kifua, tumbo na mkono, kisha akaufuatisha mchoro kwa wembe, kisha akaijaza chumvi kila chale na kuisugua ili jeraha libaki wazi na kovu lipate kuvimba. Wasimulizi wa maisha yake wanazitaja chale 114. Weka madonda ya Francis kando ya chale hizi: yale ya La Verna huitwa alama za mapenzi ya Mungu, na hizi za Sudani ziliandikwa na mwanadamu ili mwanadamu mwingine ajulikane kuwa ni mali. Hata hivyo ni mwili huu huu uliopakwa mafuta ya Krisma. Na hapo ndipo linapoanza swali la batini, kwani hakuna mafuta yafutayo kovu, na Bakhita hakudai kwamba yake yalifutika.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba tangu utotoni, kabla hajamsikia mhubiri wala padre yeyote, alikuwa akilitazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza ni nani mwenye vitu hivi vizuri, akitamani kumwona, kumjua na kumpa heshima yake. Tulisikilize swali hilo kwa masikio ya mtu aliyekuwa akimilikiwa. Huyu aliijua maana ya "mwenye" kuliko mwanafalsafa yeyote: alijua kwamba kila kitu kina mwenyewe, kwamba mbuzi ana mwenyewe na yeye pia ana mwenyewe, na kutoka katika elimu hiyo chungu, badala ya kuhitimisha kwamba ulimwengu wote ni soko, alihitimisha kwamba yuko mwenye nyota ambaye hakuzinunua. Alisimulia pia kwamba usiku mmoja, alipotoroka na msichana mwenzake, wakiwa wamepotea msituni, aliona angani umbo zuri la nuru likimtabasamia na kumwonyesha njia. Na alipokuwa mtawa alisadiki kwamba umbo hilo lilikuwa ni malaika wake mlinzi. Ruya hiyo haikumkomboa. Wasichana wale walinaswa na mchungaji, wakafungwa minyororo zizini pamoja na kondoo wake, wakauzwa tena. Kwa hiyo tusiifanye nuru ile kuwa hirizi: ilimwonyesha njia bila kumwondolea mnyororo.

Alipofika kwa masista Wakanosa wa Venice mwaka 1888, kwa sababu bibi wa nyumba alikuwa safarini kwenda Suakin, ambako familia ilikuwa na hoteli, alipata hatimaye jibu la swali lake la nyota. Naye akamwita Mungu aliyefundishwa hapo kwa lahaja ya Kivenisi, *el Paron*, yaani bwana, mwenye nyumba, neno lile lile ambalo mtumishi wa mji ule alimwitia tajiri wake. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake juu ya matumaini wa mwaka 2007, aliliona jambo hili na kulitaja. Walakini sisi wasemaji wa Kiswahili tunaweza kwenda mbele zaidi, kwa kuwa lugha yetu imezificha siri mbili mahali pamoja. Mtumwa na mtume wametoka katika kitenzi kimoja, kutuma: huyu ametumwa asikotaka, yule ametumwa na akaitikia, na Paulo, anapoufungua waraka wake kwa Warumi katika Biblia zetu, hujiita kwa majina yote mawili kwa pumzi moja. Kitenzi ni kimoja; kinachowatenga wawili hao ni nani aliyetuma, na je, aliyetumwa aliweza kukataa.

Na Bakhita alikataa. Mama Michieli aliporudi kumchukua, msichana huyu ambaye hakuwahi kuulizwa lolote alijibu kwamba hatoki katika nyumba ile, ijapokuwa alimpenda Mimmina na ilimuuma kuachana naye. Bibi alisihi, akakasirika, akadai haki yake. Shauri likafika kwa Patriaki wa Venice na kwa wakili wa mfalme. Na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba, kwa kuwa sheria ya Italia haikuutambua utumwa, Bakhita ni huru na atakwenda apendako. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa kwa majina ya Josephine Margaret na Fortunata, hili la mwisho likiwa ni bahati ile ile kwa Kilatini. Kwa maoni yangu hiyo "hapana" ndiyo kilele cha maisha yake ya batini, sawasawa na mkuki wa Teresa; maana sala ya kweli hupimwa kwa jambo ambalo mwenye kusali hawezi tena kukubali kufanyiwa. Mtu aliyempata Bwana mmoja hakubaki na nafasi ya wa pili. Italia ilimtambua kuwa huru; katika pwani yetu watumwa waliendelea kuhesabiwa kisheria mpaka mwaka 1922, Waingereza walipoufuta utumwa Tanganyika.

Miaka iliyobaki haina tamthilia. Aliweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896, akapelekwa Schio mwaka 1902, na huko akapika, akatarizi, akatunza sakristia, na kwa muda mrefu akawa bawabu, akifungua mlango na kuweka mkono wake juu ya vichwa vya watoto waliokuja shule. Kitabu cha Zanolini kilipomtangaza, alipelekwa mji baada ya mji kuonyeshwa kwa umati, akisema maneno machache kwa haya, katika miaka ile ile Italia ilipokuwa ikiivamia Habeshi. Alitii, lakini si kila tulichokitukuza kwake kilimfaa. Alipokuwa akikata roho, katika homa, alimsihi muuguzi amlegezee minyororo kwani ilikuwa mizito. Akafariki tarehe 8 Februari 1947. Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1992, na Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba mwanamke aliyesema kuwa angekutana na waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila wao asingekuwa Mkristo, ameutakasa utumwa. Pingamizi hili ni zito, nalo lisijibiwe kwa machozi. Jibu langu ni kwamba aliyesema hayo alikwisha kukataa mbele ya sheria kurudi utumwani, na minyororo aliitaja mpaka pumzi za mwisho. Msamaha wake ulitoka kwa mtu huru, na mtu huru hutoa chake. Makosa ni ya mhubiri anayeuchukua msamaha huo na kuukabidhi kwa watu wengine kuwa ni wajibu wao.

Wengine wataigeuza habari yake kuwa silaha juu ya Uislamu. Hao wanasahau kwamba bibi aliyedai kumrudisha alikuwa Mzungu na Mkristo, na hawajui habari ya Bagamoyo, ambako Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa, akasoma, akawa khalifa wa tariqa ya Qadiriyya, akafariki mwaka 1931 akiwa ameheshimiwa na waungwana waliozaliwa waungwana. Hawa wawili hawakujuana, wala dini zao si moja; lakini katika zikri ya yule na sala ya huyu mtumwa alimpata Bwana ambaye hana dalali.

Tangu mwaka 2015 Kanisa Katoliki huiadhimisha sikukuu yake, tarehe 8 Februari, kuwa siku ya kuwaombea walionaswa katika biashara ya watu. Siku hiyo ikija, ewe msomaji, usitosheke na kuwasha mshumaa. Katika nyumba zetu za Dar es Salaam wamo mabinti walioletwa kutoka bara kwa ahadi ya shule, ambao mshahara wao hupokewa na mwingine au haupokewi kabisa, na ambao mwaka wa pili unakwisha wakiitwa "dada" tu. Muulize jina alilopewa na wazazi wake, umwite kwalo, umlipe ujira wake mkononi mwake, na akisema anataka kwenda kwao, umpe nauli.