Kuba

Kuba ni paa la mviringo lililobinuka pande zote, ambalo hubeba uzito kwa umbo lake zaidi kuliko kwa unene wake. Wahandisi huliweka katika kundi la maganda yaliyopinda.

Nguvu yake hutokana na mpindo wa pande mbili. Karatasi bapa hukunjika kirahisi, lakini ganda la yai haliwezi kulazwa bapa bila kutanuka au kupasuka, kanuni ambayo mwanahisabati Carl Friedrich Gauss aliithibitisha mwaka 1827. Mzigo ukilikalia kuba, husambaa ndani ya ganda lenyewe kwa mgandamizo hadi kwenye kuta. Udhaifu uko chini: katika nusu tufe, takriban nyuzi 52 kutoka kileleni, ganda huanza kuvutwa kwa kuzunguka, na hapo ndipo nyufa hujitokeza kuta zisipokuwa imara.

Matumbawe na chokaa, vifaa vya ujenzi wa kale wa kisiwa cha Pemba na pwani nzima ya Afrika Mashariki, hustahimili mgandamizo vizuri na mvuto vibaya. Kuba lingeyafaa kabisa. Hata hivyo nyumba nyingi za mawe ziliezekwa bapa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ukabana vyumba visizidi sana upana wa mita 3.

Mafundi wa Kilwa Kisiwani waliuvuka mpaka huo. Upanuzi wa Msikiti Mkuu katika karne ya 14 ulifunikwa kwa makuba na matao. Kisiwani Unguja, hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Sultani Seyyid Said, nayo ina kuba.